Wanalipia Wepesi, Wanadhani Wanalipia Nguvu

Kuna wakati rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, ilihesabiwa marehemu. Polisi wa Marekani waliiacha miaka ya 1980 na 1990, idara moja baada ya nyingine, wakahamia bastola za magazini zenye risasi 15 au 17, na watu wa biashara ya silaha wakaanza kuitaja kama sisi tunavyotaja taipureta. Kisha Colt, waliokuwa wameachana nayo, wakarudisha King Cobra mwaka 2019, Python mwaka 2020, na mwaka 2021 wakatoa tena Anaconda, ile ya risasi nene na kali iitwayo .44 Magnum. Ukiingia leo duka la silaha la Anchorage, jiji la jimbo la Alaska, kabati la rivolva halijasukumwa kule nyuma penye vumbi. Liko mbele, na zinazoshikwashikwa zaidi ni zile fupi na nyepesi za kujikinga na dubu porini, ambazo tundu la mtutu wake linameza ncha ya kidole cha mwisho.

Maelezo yanayotolewa kuhusu jambo hili ni mawili. La kwanza ni hamu ya mambo ya kale: Wamarekani wamezeeka na wanataka vitu vya baba zao. La pili, ambalo sisi tunaoitazama Marekani kwa mbali tunalipenda zaidi, ni kwamba wale watu wana ugonjwa wa nguvu, hawawezi kwenda kutazama maporomoko ya maji bila mzinga kiunoni. Yote mawili yanakosa shabaha. Hamu ya kale inaweza kuuza Python iliyong'arishwa kama kioo; haiwezi kuuza kitu cheusi cha titani na alumini ambacho hakifanani na chochote alichobeba baba wa mtu. Na nguvu ya .44 Magnum ipo sokoni tangu miaka ya 1950, tena kwa bei nafuu, kwa yeyote atakayekubali kubeba chuma.

Anayenunua rivolva nyepesi ya kaliba kubwa, yaani ya tundu pana, kwa ajili ya porini analipia gramu zilizopunguzwa. Hapo sina ugomvi naye, kwa sababu gramu ndizo zinazoamua kama silaha itakuwa mwilini au itabaki kwenye hema. Ugomvi wangu ni kwamba gramu hizo hazikupotea bure. Zilihamishwa kutoka kiunoni zikapelekwa mkononi, na wengi wanaozilipia hawajui hivyo mpaka siku ya kwanza ya kufyatua. Kama kitu cha kubebwa, silaha hii ni wazo zuri sana. Kama kitu cha kupiga nacho shabaha, haiwafai wengi wanaoinunua. Mjadala mzima wa Wamarekani unaruka kati ya nguzo hizo mbili bila kutazama shimo lililopo katikati.

Msomaji aliyezoea hifadhi zetu inabidi kwanza aweke pembeni picha aliyonayo. Kwetu mgeni akitaka kutembea kwa miguu katika Hifadhi ya Arusha, askari wa wanyamapori anatangulia na bunduki ndefu. Kazi ya mgeni ni kufuata na kunyamaza. Silaha iko kwa mtu anayelipwa kuibeba. Alaska hakuna anayekutangulia. Jimbo lina watu wasiofika 750,000, dubu wa kahawia wapatao 30,000 na dubu weusi wapatao 100,000, na njia nyingi za kutembelea zinaanzia nyuma ya nyumba za watu. Tangu mwaka 2003 mtu mzima anayeruhusiwa kumiliki silaha anaweza kuibeba huko bila kibali maalumu. Na tangu tarehe 22 Februari 2010, sheria ya Bunge la Marekani imeruhusu watu kuingia na silaha katika hifadhi za taifa kwa kufuata sheria za jimbo husika, ingawa kufyatua ndani ya hifadhi nyingi bado ni kosa. Maana yake ni kwamba mwalimu wa shule, muuguzi na fundi bomba, kila mmoja anajiamulia mwenyewe atembee na nini.

Na anachojilinda nacho si simulizi za kutishia watoto. Dubu wa kahawia hukimbia hadi kilomita 56 kwa saa. Hiyo ni mita 30 kwa sekunde mbili, muda wa mtu kusema "Mungu wangu" na kugeuza shingo. Mara nyingi anayeshambulia ni jike mwenye watoto aliyeshtushwa kwenye kona ya njia, au dubu anayelinda mzoga ambao wewe hukuuona wala kuunusa. Hakuna nafasi ya kushusha mkoba, kufungua zipu na kutafuta. Ulichonacho ni kile ambacho mkono unakifikia bila kuangalia.

Ndiyo maana kila mzoefu wa huko atakwambia bunduki ndefu ya kaliba ya .375, au bunduki ya marisau yenye risasi moja nzito, inamshinda bastola yoyote iliyowahi kutengenezwa. Hilo halina ubishi. Lakini ni kitu gani kitakuwa mwilini mwako saa kumi jioni ya siku ya tatu, ukiwa umeinama mtoni unasafisha samaki, mikono yote miwili ina magamba? Bunduki ndefu itakuwa imeegemezwa kwenye mti. Mto Russian, unaoingia mto Kenai hukohuko Alaska, huvuliwa samoni bega kwa bega na watu na dubu wakati wa kiangazi. Huko nilimwona mvuvi mmoja ambaye rivolva yake ya chuma, nzito na safi, ilikuwa inaning'inia kwenye tawi hatua kama arobaini kutoka alipokuwa amesimama, maji yamemfika mapajani. Nilimuuliza, kwa adabu, kwa nini haijavaliwa. Akasema mkanda unamkata nyonga. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi niliyekuwa sina kitu kiunoni niliona mzaha, yeye alikuwa ameibeba tangu alfajiri.

Kilo moja na robo kiunoni si jambo la kudharau. Mkanda wa mkoba wa safari unakaa palepale ala ya bastola inapotaka kukaa, kwa hiyo watu wengi wa Alaska wamehamia ala za kifuani, zenye mikanda inayozunguka bega na mgongo. Huko kifuani kila gramu inavuta shingo. Weka chuma hicho kwenye mwili unaopanda mita 900 kabla ya chakula cha mchana na utaelewa kwa nini kiwanda kinaweza kumtoza mtu zaidi ya dola 1,000 ili kumpunguzia uzito wa chupa ya maji.

Historia yenyewe ni fupi na ina kejeli. Baba wa .44 Magnum ni Elmer Keith, mfugaji wa ng'ombe wa Idaho, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akijaza maganda ya .44 Special, risasi tulivu zaidi ya upana uleule, baruti nyingi kuliko yalivyokusudiwa na kuwasumbua watengenezaji wafanye hivyo rasmi. Remington walitengeneza risasi, Smith & Wesson wakatengeneza bastola, na mwishoni mwa mwaka 1955 ikawa tayari; baadaye ikapewa namba, Model 29. Uzito wake na mtutu wa inchi nne ni kama kilo 1.2, na wote waliohusika waliuona uzito huo kama sehemu ya mashine, kama uzito wa nyundo ulivyo sehemu ya nyundo. Hakuna aliyeuona kuwa kasoro.

Kisha ikaja mwaka 2003, ambao kwangu ndio mwaka wa kuuangalia. Smith & Wesson walitoa silaha mbili zinazoelekea pande tofauti kabisa. Moja ni Model 500, jitu la karibu kilo mbili, lililopigiwa tarumbeta kuwa rivolva yenye nguvu kuliko zote za kiwandani. Magazeti yote yaliiandika hiyo. Nyingine iliingia kimya kimya: Model 329PD, .44 Magnum kamili, risasi sita, gramu 710 hivi ikiwa tupu. Fremu ni alumini iliyochanganywa na chembe ndogo ya skandiamu, mchanganyiko ambao Wasovieti waliuendeleza kwa ajili ya ndege za kivita. Silinda ni titani. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, Model 500 ni kitu ambacho mtu anamwonyesha mgeni sebuleni. 329PD ndiyo iliyoingia kwenye mabwawa na vichaka. Wanaosema rivolva inauzwa kwa sababu ya nguvu waniambie kwa nini ile yenye nguvu zaidi imebaki nyumbani.

Sasa shimo lenyewe. Risasi na gesi ya baruti zikitoka mbele na msukumo fulani, bastola inarudi nyuma na msukumo uleule. Nishati inayofika kwenye kiganja, hata hivyo, inategemea uzito wa kinachorudi: ukipunguza uzito wa silaha kwa nusu, nishati ya teke inakuwa maradufu. Ukilinganisha 329PD iliyojazwa risasi na ndugu yake wa chuma aliyejazwa risasi zilezile, teke linakuwa zaidi ya mara moja na nusu ya la ndugu yake. Na kuna kasi ya teke lenyewe. Silaha nyepesi inarudi haraka zaidi, na mkono wa binadamu unachukia kasi hiyo kuliko unavyochukia uzito.

Nimeifyatua 329PD mara moja maishani, risasi sita, na ya sita niliifyatua kwa sababu tu watu walikuwa wanatazama. Ya kwanza ilikuwa nzuri, mita saba, karibu na katikati ya karatasi. Kuanzia ya pili mwili ulikuwa umeshajua kinachokuja na ukaanza kujitetea: jicho linafumba kabla ya mlio, kifundo cha mkono kinainama mbele, risasi inachimba chini. Kiganja kiliwaka kama cha mtu aliyepiga jiwe kwa bomba la chuma. Mwenye bastola, mwalimu wa shabaha aliyeifunga mpini mnene wa mpira uliotengenezewa lile jitu la 500 ili nyuma ya mkono pasiguse fremu, alicheka akasema mimi nimefika mbali. Wengi husimama kwenye tatu.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hulitaja kwa sauti ya chini. Teke linapoivuta bastola nyuma kwa ghafla, risasi ambazo hazijafyatuliwa zimo ndani ya silinda, na kila moja ingependa kubaki ilipo. Ganda linavutwa nyuma pamoja na silinda. Risasi yenyewe, ile ncha inayoruka, inajichomoa kidogo kutoka kwenye mdomo wa ganda. Ikijichomoa vya kutosha inachungulia mbele ya silinda, inagonga fremu, na silinda haizunguki tena. Silaha iliyosifiwa kwamba haijui kukwama inakuwa imekwama, kwa namna isiyotibika kwa kuvuta triga mara ya pili. Dawa ipo, nayo ni kutumia risasi ambazo ganda lake limebanwa vizuri, na kuzijaribu kabla. Kuzijaribu kunamaanisha kufyatua nyingi na kupima ile iliyobaki ya mwisho. Tunarudi palepale: nani atafyatua nyingi?

Tuwe waadilifu kwa upande wa pili, kwa sababu una hoja moja nzito sana. Shambulio la dubu halifuati masharti ya uwanja wa shabaha. Mara nyingi linaishia na mtu chini, mgongo ardhini, mnyama juu yake, mkono mmoja huru. Katika hali hiyo bastola ya magazini ina udhaifu halisi: ukiisukuma mdomo wake kwenye manyoya na nyama, slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, inarudi nyuma kidogo na silaha inakataa kufyatuka. Ikishikwa kwa kifundo kilicholegea, inaweza kushindwa kutoa ganda. Nguo ikinasa kwenye slaidi, basi. Rivolva haina habari na mambo hayo. Unaibandika popote, unavuta, inalia. Ikikataa risasi moja unavuta tena na inaleta nyingine. Haichagui uzito wa risasi, inaweza kukaa imejazwa risasi zilezile mwaka mzima, na mtu asiyeshika silaha kila siku hahitaji kukumbuka hatua yoyote. Nimesikia wapinzani wa rivolva wakiipita hoja hii kwa mzaha. Haistahili mzaha.

Wanaoipinga wanayo nao yao, na yenye mashiko zaidi inatoka Greenland. Kikosi cha Denmark cha Sirius, kinachozunguka kaskazini-mashariki mwa kisiwa hicho kwa mbwa na sleji, askari wake hubeba pembeni Glock 20 ya 10mm kwa ajili ya dubu wa barafu. Wale watu wangeweza kuchagua chochote. Wakachagua bastola ya magazini yenye risasi 15, ambayo ikijazwa inakaribia kilo 1.1 na teke lake ni la kistaarabu. Huko Alaska kwenyewe, mwaka 2016, mwongoza wageni mmoja mzoefu alimwua dubu wa kahawia aliyewashambulia wageni wake kwa bastola ya kawaida ya 9mm, kaliba ambayo vijiwe vyote vya wawindaji huiita ya kutishia panya. Alikuwa na risasi ngumu zinazopenya, alikuwa karibu, na alijua pa kupiga. Tukio moja halijengi kanuni, lakini linatosha kubomoa ile inayodai chini ya .44 ni kujiua.

Hapo tunafika kwenye hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayouza zaidi: kwamba tundu kubwa linafidia shabaha mbovu. Mtu anasema, kwa uaminifu kabisa, "mimi si mpigaji hodari, kwa hiyo nahitaji kitu kikubwa." Hoja hii imegeuzwa kichwa chini. Tofauti kati ya risasi ya 10mm na ya .44 ni chini ya milimita moja ya upana. Dubu anayekuja kwa hasira anasimamishwa papo hapo na risasi inayofika kwenye ubongo au uti wa mgongo, na fuvu lake limelala mteremko nyuma ya pua, linacheza juu na chini kadiri anavyokimbia. Risasi ya tumboni, iwe ya kaliba gani, inaweza kumwua baada ya saa nzima. Wewe una sekunde mbili. Asiye hodari ndiye anayehitaji silaha anayoweza kuirudisha kwenye shabaha haraka, na ndiye huyohuyo anayeuziwa ile inayoruka hadi usawa wa paji la uso kila inapolia.

Wanaosema hawa wote ni wajinga, wabebe kopo la dawa ya pilipili ya kupuliza, nao wana takwimu wanayoitumia vibaya. Watafiti Tom Smith na Stephen Herrero na wenzao walichapisha mwaka 2008 uchambuzi wa matumizi ya dawa ya pilipili dhidi ya dubu Alaska kati ya mwaka 1985 na 2006. Ilibadilisha tabia ya dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio, na asilimia 98 ya waliobeba dawa hiyo hawakuumia walipokutana na dubu kwa karibu. Mwaka 2012 wakachapisha uchambuzi wa silaha za moto, matukio 269 kuanzia mwaka 1883: bastola zilifaulu kwa asilimia 84, bunduki ndefu 76. Watu wameziweka namba hizi sambamba kama matokeo ya mechi. Sizo. Mkusanyiko wa kwanza una dubu wengi waliokuja kwa udadisi au kutafuta chakula, si kwa vita. Wa pili umejaa mashambulio ya kweli, ambapo silaha hutajwa kwa sababu mambo yameharibika. Tena bastola katika hesabu hiyo ni matukio 37 tu. Atakayejenga imani yake juu ya asilimia 84 kwa asilimia 76, eti bastola inashinda bunduki, anajenga juu ya mchanga.

Kilichonigusa katika utafiti wa pili ni kitu kingine. Waliokuwa na silaha na kuitumia waliumia kwa kiwango kilekile cha waliokuwa nayo wasiitumie. Na sababu iliyojitokeza zaidi ya silaha kushindwa ilikuwa kukosa muda. Kaliba haikuwa tatizo, watu hawakuwahi. Ukiusoma hivyo, utafiti unamtetea mpenzi wa silaha nyepesi kwa nusu, kwa sababu iliyovaliwa kifuani inawahi kuliko iliyo kwenye mkoba, na unamhukumu kwa nusu, kwa sababu kuwahi ni zao la mazoezi.

Mpaka wa Montana na Alberta unatusaidia kufikiri. Hifadhi ya Glacier upande wa Marekani na ya Waterton Lakes upande wa Kanada zimeunganishwa tangu mwaka 1932 kuwa hifadhi moja ya amani. Milima ni ileile, dubu ni walewale, hawana pasipoti. Upande mmoja unaweza kuvaa .44, ukivuka mstari usioonekana, bastola hairuhusiwi kabisa na kila mtu amevaa kopo la gramu 225 au 290. Sijaona dalili kwamba watu wa upande wa Kanada wanatembea kwa hofu zaidi. Nisifiche lakini upande wa pili wa shilingi: mwishoni mwa Septemba 2023, katika Hifadhi ya Banff, watu wawili waliuawa na dubu pamoja na mbwa wao, na kopo lililokwisha kutumika lilikutwa pale. Pilipili inapigwa na upepo, inadhoofishwa na mvua na baridi, na haiingii kwenye ndege ya abiria. Marubani wa ndege ndogo za Alaska huifungia kwenye maboya ya kutua majini ili ikipasuka isiwapofushe angani. Ni kinga bora kwa watu wengi. Haiwezi kuwa kinga pekee ya mtu anayekaa wiki tatu mtoni peke yake.

Msimamo wangu basi ni huu. Kopo kifuani, kwa kila mtu, kwanza. Anayetaka silaha juu ya hilo, na sheria inamruhusu, afikirie ile ya katikati ambayo wenye haraka wanairuka: rivolva ya chuma ya risasi tano ya .44 inayokaribia kilo moja, au hiyo 10mm ya watu wa sleji. Akishikilia nyepesi kabisa, basi aijaze risasi za .44 Special, zinazoingia bila tatizo na kupunguza teke kiasi cha mtu kuweza kupiga mbili zinazofuatana. Wapenzi wa Magnum watasema hapo nimeinyang'anya bastola maana yake. Wanaosema hivyo wanafichua walichokuwa wananunua, na ni kile nilichosema mwanzo kwamba wanadhani wanakilipia, yaani nguvu.

Na jambo hili haliishii kwa anayetembea. Katika majimbo 48 ya kusini mwa Kanada kuna dubu wa kahawia wapatao 2,000, waliowekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1975 na ambao serikali kuu, Januari 2025, ilisema wabaki chini ya ulinzi huo licha ya maombi ya Montana na Wyoming. Wanapanuka, wanashuka kwenye tambarare ambako wakulima wa leo hawakuwahi kuwaona wala baba zao. Kila wanapotokea, maduka yanauza. Mnunuzi mpya wa huko ni mtu mwenye woga wa haki, asiye na mazoea, anayeuziwa silaha ngumu kuliko zote kuimudu kwa sababu inakaa vizuri mwilini. Risasi yake ikimpata dubu begani na kumwacha aondoke, anayekutana na mnyama huyo mwenye jeraha kesho yake ni mtu mwingine aliyetoka nyumbani akipiga mluzi. Na akimwua, kwa sheria ya Alaska, kazi ndiyo inaanza: achune ngozi yote na kucha zake, akate kichwa, abebe mpaka ofisi ya wanyamapori na kuvikabidhi, kwa sababu dubu aliyeuawa kwa kujitetea ni mali ya jimbo. Ngozi mbichi ya dubu mkubwa ina uzito ambao hakuna titani ya kuupunguza.

Kabla sijaondoka Anchorage nilipita duka moja la vitu vilivyotumika. Kwenye kabati la kioo kulikuwa na .44 nyepesi tatu, zimepangwa pamoja, zote zinang'aa, silinda hazina hata alama ya moshi mbele. Pembeni ya moja muuzaji alikuwa ameweka boksi la risasi la mwenye mali wa kwanza, lile la risasi 50, kama nyongeza kwa mteja. Nikaomba kulifungua. Matundu sita ya kona yalikuwa wazi.